Kusafisha meno ya paka laki tatu na nusu, ni bei halali au napigwa?

Mama Kashata

Habari zenu wadau, naombeni mawazo maana nimekwama. Nina paka dume anaitwa Kashata, ana miaka saba, kahasiwa, anaishi ndani tu hapa Dar. Siku za karibuni mdomo wake unanuka hatari, yani akija kulala karibu na uso wako unaamka wewe. Mwanzo nilihisi ni dagaa tu ila nikaanza kumwangalia anavyokula, anachukua dagaa, anainamisha kichwa upande mmoja, anatafuna kidogo, anamtema, afu anaruka nyuma anamfokea dagaa mwenyewe. Mate yana wekundu wekundu, yananibakia kwenye foronya. Juzi mdogo wangu kamshika nikamfunua mdomo, jino kubwa la juu huko nyuma limefunikwa ukoga wa kahawia mgumu kama ukoko wa wali, na fizi pembeni yake imevimba nyekundu.

Alishachomwa sindano ya antibayotiki na jamaa wa duka la dawa za mifugo hapa mtaani, harufu ikaisha nikashukuru Mungu, haikuchukua muda ikarudi palepale.

Sasa nimeulizia sehemu mbili. Kliniki ya kwanza wameniandikia hivi: kumwona daktari 30,000, vipimo vya damu 70,000, usingizi na dripu 110,000, kusafisha na kung'arisha 100,000, dawa za kwenda nazo nyumbani 40,000. Jumla laki tatu na nusu, na hapo wamesema kama kuna jino la kung'oa ni hela nyingine, 20,000 kwa jino dogo na 50,000 kwa kubwa. Sehemu ya pili jamaa anakuja mpaka nyumbani, anasema elfu themanini tu anakwangua bila usingizi, paka anafungwa kwenye taulo na mtu anamshika.

Naombeni kujua, tofauti yote hii inatoka wapi? Napigwa? Na jingine usingizi wenyewe naogopa, mbwa wa shangazi yangu alilazwa hivyo hivyo hakuamka tena. Mume wangu nimemtajia nusu ya bei tu na bado kaguna.

Mkorofi wa Mbagala

Laki tatu na nusu meno ya paka 😂😂 Dada hao si mbuzi wawili kabisa wa Idi? Mimi mwenyewe mara ya mwisho kwenda kwa daktari wa meno sikumbuki. Bibi yangu kule Rufiji kafuga paka maisha yake yote hakuna hata mmoja aliyeona mswaki na panya walikuwa wanakoma. Mpe samaki mwenye mifupa atajisafisha mwenyewe, hela nunua mbuzi utuite.

Wanja254

Wewe Mkorofi wacha kumsumbua dada wa watu. Hao paka wa ushago wakizeeka na meno yakiwaisha wanapotea tu kichakani na hakuna mtu anaenda kuwafungua mdomo kuangalia walikufa na nini.

Mama Kashata pole sana. Niko Nairobi, wangu ni wa kike, tulimfanyia mwaka jana na bili yote ilikuja KSh 14,500, ikiwa pamoja na meno mawili aling'olewa. Kwa pesa yenu sijui ni kama laki mbili na themanini hivi. Nilikuwa nimeuliza kliniki kadhaa kwa simu na bei zilikuwa zinacheza sana, kuna moja ilinitajia elfu sita nikafurahi, kumbe ukiuliza vizuri hiyo elfu sita ni ya kukwangua peke yake, usingizi kando, damu kando, dawa kando, ukijumlisha unajikuta umepita hata ile kliniki uliyosema ni ghali. Kwa hivyo usilinganishe ile namba ya kwanza wanakutajia kwa simu, linganisha jumla. Waambie wakuandikie kila kitu kama hao wako walivyofanya. Hiyo tu tayari inanionyesha ni watu wanajua kazi yao.

Na huyo wa taulo mimi singemruhusu karibu na mlango.

Fundi Mifugo Moro

Habari dada. Mimi niko kwenye fani, wanyama wadogo ndo kazi yangu ya kila siku, sina kliniki Dar kwa hiyo sina cha kukuuzia hapa.

Kwanza hupigwi. Bei hiyo ni ya kawaida kwa kazi iliyokamilika, unaweza kupata chini kidogo au juu kidogo kulingana na mtaa na vifaa walivyonavyo. Watu wengi wanadhani wanalipia kukwangua, kumbe kukwangua ndo sehemu rahisi kuliko zote, hela kubwa inaenda kwenye kumlaza paka salama na kumwamsha salama. Angalia hiyo karatasi yako, damu, usingizi na dripu peke yake ni laki na themanini, zaidi ya nusu ya bili, na hapo hajaguswa jino.

Kwa nini alazwe? Paka ana meno 30. Ukoga unaouona wewe ni ule wa nje, lakini ugonjwa wenyewe uko chini ya fizi, pale kwenye kamfuko kati ya fizi na jino, ndo bakteria wanakaa wanakula mfupa unaoshika jino. Pale ni lazima daktari aingize kifaa chembamba apime kina jino moja moja, pande zote, na la ndani upande wa ulimi pia. Hakuna paka duniani atakayekaa macho akuruhusu hivyo, huyo wa kwako dagaa tu anamfokea. Anayekwangua bila usingizi anatoa kile kinachoonekana, jino linakuwa jeupe, unafurahi, unalipa elfu themanini, na uozo wote uko palepale chini. Tena kile chuma kinaacha mikwaruzo kwenye jino, asipong'arisha baada ya hapo ukoga mpya unashika haraka zaidi. Chuo cha madaktari wa meno ya wanyama cha Marekani, AVDC, kiko wazi kabisa kwenye hili, hawaikubali kazi ya bila usingizi.

Ndo maana hata sindano ile ya antibayotiki haikukaa. Dawa inapunguza bakteria kwa muda, nyumba yao hujaibomoa, wanarudi.

Kuhusu usingizi, hofu yako ni halali wala sitakuambia hakuna hatari. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza ulitoka 2008, paka wenye afya nzuri aliyekufa kwa ajili ya usingizi ni kama 1 kati ya 900, ila kwa paka ambao tayari ni wagonjwa inapanda sana, karibu 1 kati ya 70. Hapo unaona kwa nini ile elfu sabini ya damu si ya kuruka. Paka wa miaka saba kwenda juu figo zinaweza kuwa zimeanza kuchoka na kwa macho huoni kitu, anakula anacheza. Presha ikishuka akiwa amelala figo ndo zinaumia, dripu ipo kwa ajili hiyo. Na kitu kingine watu hawakijui, kwenye utafiti huohuo wengi wa hao paka hawakufa kwenye meza, walikufa baada ya kazi kuisha, saa chache za kwanza wakati kila mtu kashapumua. Kwa hiyo swali la kuuliza kliniki ni hili: akishatolewa mezani nani anakaa naye mpaka aamke? Kama jibu ni "tunamweka kwenye keji tunaendelea na kazi", tafuta kwingine.

Na uliza kama wanaweka mrija kooni. Ile mashine ya kusafishia inatetemeka kwa kasi na inamwaga maji muda wote, maji yanachanganyika na ukoga na damu, mrija usipokuwepo vinaweza kuteremka mapafuni. Kliniki nyingi huku zinalaza kwa sindano ya ketamini na zailazini bila mrija wala gesi, kwa kuhasi kwa haraka haraka watu wanafanya na maisha yanaenda, kwa kazi ya mdomo yenye maji mimi siipendi. Ila mrija wenyewe kwa paka unataka mkono mwepesi, koo lake linajibana haraka, kwa hiyo uliza pia daktari huyo meno ya paka anafanya mara kwa mara au anafanya akipata.

Nikipata nafasi nitarudi kuelezea ya kung'oa, maana jino unalolielezea wewe sidhani kama litabaki.

Mpemba Asilia

Asalam aleikum. Mama Kashata pole mwanangu, paka ni kiumbe kipenzi, sisi nyumbani wanaingia wanatoka hatuwahesabu. Mie nakupa dawa ya bure, chukua mafuta ya karafuu kidogo tu utie kwenye pamba umpake kwenye ufizi asubuhi na jioni. Mie jino likinishika nafanya hivyo hivyo maumivu yanakata saa hiyo hiyo. Karafuu zetu hazina mfano, na kama una mtu huku atakuletea ya asili isiyochanganywa.

Fundi Mifugo Moro

Waaleikum salaam mzee wangu. Kwa binadamu uko sahihi, hata madaktari wa meno wa watu wanatumia karafuu. Kwa paka HAPANA tafadhali. Ini la paka limepungukiwa uwezo wa kuvunjavunja vitu vya aina ile iliyomo kwenye mafuta ya karafuu, kwa hiyo kinachokutuliza wewe yeye kinamlimbikizia sumu mwilini, na anavyojilamba hata ukimpaka kidogo chote kinaingia.

Na hapo hapo niseme la Panadol kabla mtu hajaja kuishauri. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaua paka. Sitishi watu, ni kimoja. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso na miguu vinavimba. Nimeletewa wa namna hiyo na watu wazuri tu waliokuwa wanamwonea huruma paka anaumwa, wengi tulichelewa. Diklofenaki na brufen hivyo hivyo msiguse. Na dawa ya meno ya watu si ya paka, yeye hawezi kutema, floraidi yote anameza.

Mpemba Asilia

Subhanallah. Ahsante dokta, hilo la karafuu sikuwa nalijua, na kuna binti yangu Chake nilishamwelekeza, nampigia sasa hivi.

Mama Kashata

Dokta Mungu akubariki, nimesoma mara mbili mbili na nimempa mume wangu asome, safari hii hakuguna. Wanja asante na wewe.

Nina maswali. Jamaa wa elfu themanini nimemuuliza la chini ya fizi kanijibu eti "paka wako hana ugonjwa huo dada" wakati hata kumwona hajamwona. Nimemuuliza usajili wake kanyamaza mpaka sasa. Kwa hiyo huyo basi.

La pili, ikitokea wamemfungua wakakuta meno mengi ya kung'oa si ndo bili inafika laki sita? Nitajuaje kabla? Na paka bila meno atakula nini jamani.

Mbeba Maboksi MN

Ngoja na mimi niwape ya huku muone kwamba laki tatu na nusu si mwisho wa dunia. Niko Minnesota, nina paka wawili niliwachukua shelta. Mwaka juzi yule mkubwa nikaambiwa asafishwe, karatasi waliyonipa ilikuwa na bei mbili, ya chini dola 640 na ya juu dola 1,150, ukitia saini unakubali zote mbili maana wakishamlaza hawajui watakuta nini. Nikauliza kwa nini pengo kubwa hivyo nikaambiwa la chini ni kusafisha na eksirei, la juu ni kama kuna ya kung'oa.

Sasa sikiliza hapa Mama Kashata maana ndo swali lako. Siku ya kazi simu yako iwe na chaji na uwe sehemu unaweza kupokea. Mimi nilikuwa kazini kwenye ghala, kelele, simu ikapigwa, daktari ananiambia paka kalala mezani, ameona meno matatu mabovu, ang'oe au aache? Hapo una dakika mbili tu za kuamua maana kila dakika paka yuko kwenye gesi na gesi unailipia. Kwa hiyo kaa na mume wako usiku kabla, mpange mwisho wenu ni shilingi ngapi, na mwambie daktari mapema: mpaka laki fulani endelea usinipigie, ikizidi hapo nipigie.

Bima nilikuwa nayo, kusafisha haikulipa kabisa, ila ya kung'oa walilipa sehemu kwa sababu hiyo ni ugonjwa. Kusoma vile vipengele ni kazi ya jioni nzima. Mwezi wa pili huku ndo mwezi wa afya ya meno ya wanyama, kliniki nyingi zinashusha bei, ukiwahi kuweka miadi unaokoa kidogo. Na kwa wenzangu wa huku, msidanganyike kwamba hospitali ya chuo kikuu ndo rahisi, kule ni mabingwa na bei ni za mabingwa, rahisi ni zile kliniki za mashirika ya hisani ila foleni yake ni ndefu.

Wanja254

@Mbeba Maboksi hiyo $1,150 ni rent yangu ya miezi mitatu na chenji inabaki 😭

Hapa kwetu ile kliniki ya chuo pale Kabete watu wengi wanaenda na bei yao watu hawailalamikii sana, ila wanafunzi wanakuwa hapo wanajifunza kwa hivyo jipange kukaa. Kwenu nasikia Morogoro pia kuna ya chuo?

Fundi Mifugo Moro

Ndiyo, SUA kuna hospitali ya wanyama, wanafunzi wa udaktari wa mifugo wanafanyia mazoezi pale chini ya walimu wao. Kwa mtu wa Dar piga simu kwanza uulize kama siku hiyo kuna mtu wa kazi ya meno na vifaa viko sawa, usimbebe paka mgonjwa kwenye basi kuja kuambiwa rudi Jumatatu.

Mama Kashata, bili ya kung'oa huwezi kuijua yote kabla, ila unaweza kuikadiria. Mwambie daktari amwangalie mdomo akiwa macho, achungulie tu, akupe makadirio ya chini na ya juu kama huyo ndugu wa Minnesota alivyoeleza. Kwa maelezo yako lile kubwa la juu mwandalie 50,000 yake kabisa.

Kuna vitu viwili vinavyoweza kuongeza bili ya paka na ni vizuri uvijue. Kimoja ni jino kuliwa na mwili wenyewe. Hii paka wanayo sana, jino linatobolewa kwenye shingo yake pale linapoingia kwenye fizi, afu fizi inakua inaingia kuziba tundu, kwa hiyo kwa nje unaona kama kakidonda kapinki tu kamepanda juu ya jino. Paka hata akiwa ameanza kulala ukigusa pale taya linatetemeka lenyewe, ndo ujue maumivu yake. Jino hilo halisafishwi wala halizibwi, linatoka. Na ili daktari ajue mzizi umebaki kiasi gani inatakiwa eksirei ya meno, mashine ambayo kliniki chache sana huku zinayo, kwa hiyo ukiikuta imeandikwa kwenye bili usilalamike.

Cha pili ni fizi kuwaka mdomo mzima mpaka huko nyuma karibu na koo. Hiyo si ukoga tena, ni mwili wa paka wenyewe unapigana na meno yake, na mara nyingi kuna virusi nyuma yake. Wa hivyo ukimsafisha anapata nafuu kidogo anarudi, unalipa tena, unalipa tena. Dawa yake mara nyingi ni kung'oa meno ya nyuma yote au yote kabisa. Ulivyoelezea wekundu uko upande wa jino moja kwa hiyo sidhani, lakini daktari aangalie.

Na paka bila meno anakula vizuri tu! Paka hatafuni kama sisi, anakata anameza. Nimeona waliotolewa yote, baada ya muda mfupi wanakula mpaka chakula kikavu na uzito unarudi, kwa sababu kilichokuwa kinawazuia kula ni maumivu. Mpe vilaini mwanzoni, samaki aliyechambuliwa, dagaa uliowaloweka ukawasaga, basi.

Kingine usikisogeze sana mbele. Paka akiacha kula kabisa siku mbili tatu, hasa mnene, ini linajaa mafuta na hapo unaanza ugonjwa mpya wenye bili kubwa kuliko ya meno.

Mkorofi wa Mbagala

Haya nimesoma yote mpaka huku chini. Dokta swali, ninaye mmoja dukani ananisaidia na panya, naye mdomo unanuka. Naanzia wapi kama mtu sina hiyo laki tatu? Siulizi kwa utani.

Fundi Mifugo Moro

Anzia kumwona daktari tu, hiyo 30,000. Akikuambia ni ukoga mwepesi na fizi hazijaachia, unaweza kuanza mwenyewe nyumbani. Kata kitambaa cha bandeji, zungushia kidole, chovya kwenye maji ya tuna ya kopo, sugua meno ya nje tu upande wa shavu, sekunde chache, muache aende. Akizoea hamia mswaki wa mtoto mchanga. Ila iwe kila siku, ule utando laini ukiachwa siku mbili tatu unakuwa mawe na mawe hayatoki kwa kitambaa. Mfupa wa samaki uliousema kule juu hausafishi kitu, unakwama kooni au kwenye kaakaa, nimeshatoa mingi.

Kama fizi tayari zinatoka damu usimsugue, utamfanya akuchukie mkono. Huyo anahitaji kulala. Na harufu si mara zote meno, figo zikichoka mdomo unanuka pia, ndo maana aonwe kwanza.

Ongea na kliniki kuhusu kulipa kidogo kidogo, wengi wanakubali ukileta mapema kabla ya siku yenyewe, hawakubali ukianza kujieleza wakati paka keshaamka.

Wanja254

Mkorofi wa Mbagala ameuliza swali la maana, wacha niweke alama kwenye kalenda 😂

Dokta na kama mtu anataka kumhasi, si afanyiwe na meno siku hiyo hiyo alipe usingizi mara moja? Mimi nilitaka hivyo wakanikatalia.

Fundi Mifugo Moro

Walikuwa na sababu. Mdomo mchafu unajaza bakteria hewani na kwenye damu, na wewe unataka kufungua tumbo safi kwenye chumba hichohicho, afu muda wa usingizi unaongezeka. Kuna wanaofanya meno yakiwa na uchafu kidogo, wengi hatupendi.

Mama Kashata

Mrejesho. Nimewapigia ile kliniki ya laki tatu na nusu nikawauliza kama mlivyonifundisha. Mrija wanaweka, gesi wanayo, na kuna dada mmoja kazi yake ni kukaa na mgonjwa mpaka aamke, nimeongea naye kwenye simu. Eksirei ya meno hawana, wamesema wazi. Bei hawajapunguza ila wamekubali nilipe nusu sasa kwa simu na nusu siku ya kumchukua, na hela ya kumwona daktari nikimpeleka kesho kuangaliwa mdomo hawatanichaji tena siku ya kazi. Makadirio yao ya juu ni laki nne na elfu sabini, wamehesabu lile jino kubwa moja, la pembeni yake kubwa pia, na dogo moja. Tumepanga na mume wangu mwisho wetu ni laki tano.

Usajili nimeangalia cheti kimebandikwa ukutani, cha Baraza la Veterinari. Nimepewa Alhamisi asubuhi. Dokta kuna kitu natakiwa kufanya kabla?

Fundi Mifugo Moro

Safi sana. Jumatano usiku mpe chakula mapema, afu kuanzia saa nne usiku toa bakuli la chakula, maji muachie mpaka asubuhi. Waambie nyumba nzima, kuna siku mgonjwa aliletwa kafunga vizuri kumbe mtoto alimpa soseji saa kumi na mbili asubuhi, tukaahirisha. Wapelekee blanketi lenye harufu ya nyumbani, paka wanapoa haraka wakilala na yale maji yanaongeza baridi, na akiamka akanusa blanketi lake anatulia.

Akirudi muweke chini sakafuni chumba kimoja, si juu ya kitanda wala dirishani, ataona bado anaweza kuruka na miguu haimtii. Chakula mpe kidogo jioni akiwa anatembea wima. Dawa ya maumivu watakayokupa mpe kipimo kilekile kilichoandikwa, isizidi hata tone, na akikataa kula mpaka kesho yake mchana wapigie usisubiri.

Mzigo wa Mwanza

Wakuu nimefuata uzi mwanzo mwisho. Huku Mwanza kuna mtu anajua kliniki yenye gesi na mrija? Wa kwangu ana miaka kumi na moja na nimepewa bei ya laki mbili na ishirini bila vipimo vya damu.

Fundi Mifugo Moro

Miaka kumi na moja bila damu usikubali hata wakikufanyia bure. Nicheki inbox nikuelekeze.